Barua kwa mwanangu Suleiman, juu ya nahodha wenu

Wete, Pemba

Mwanangu Suleiman,

Assalamu alaykum. Umeniuliza iwapo kamati ya klabu yenu huko Unguja imvue unahodha mshambuliaji wenu nyota, kwa kuwa alikosa penalti ya mwisho kisha akaondoka uwanjani bila ya kuwaomba radhi mashabiki. Mimi ningependa kwanza kujua kamati yenyewe ilikuwa wapi baada ya mchezo.

Kisa cha mjomba wako Haji unakijua. Kilichoniuma si zile kelele za uwanja wa Gombani, kwani kelele ni za mpira. Kiongozi mmoja wa timu alikuja nyumbani asubuhi, akamsihi acheze na goti lake limevimba, akaapa kwamba likitokea la kutokea atalibeba yeye, jioni akapita na wenzake mbele ya baraza letu, akasema kwa sauti ili tumsikie, "Haji katuuza." Bibi yako alikuwa akimkanda goti kwa maji ya moto. Hakunyanyua uso, ila kitambaa alikikamua mpaka hakikutoka tone. Siku zote nasema: waliogawana sifa na wagawane na lawama.

Ndiyo maana usiku wa tarehe 2 Julai 2010, umeme ulioletwa kutoka Tanga, bara, ukiwa bado mgeni hapa Pemba, sikuondoka mbele ya televisheni. Suárez wa Uruguay aliuzuia mpira kwa mkono kwenye mstari wa goli, akatolewa kwa kadi nyekundu, na Asamoah Gyan wa Ghana akapiga penalti mwishoni kabisa mwa muda wa nyongeza, ikagonga mtambaa wa panya. Ingeingia, Ghana ingekuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Marehemu baba yako alisema kijana yule sasa ataomba kujificha. Zilipoanza penalti za kuamua, wa kwanza kupiga kwa upande wa Ghana alikuwa Gyan yule yule, naye akafunga! Nilipiga kigelegele usiku wa manane, majirani wakadhani kuna mwali. Ghana walitolewa kwa 4–2, lakini radhi gani ya maneno ingeipita ile?

Hata hivyo nafsi yangu hainiachi. Mwaka 2012 Gyan alikosa penalti nyingine, dhidi ya Zambia katika nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, na mama yake alipofariki mwaka huo huo, alitangaza kwamba hatapiga tena penalti, kwa kuwa ndivyo mama alivyomwomba. Mama yule namwelewa kuliko ninavyotaka kukiri. Kwa upande mwingine, nyota hupokea zaidi ya wenzake, na anayepokea zaidi hudaiwa zaidi. Nahodha kuwapa mashabiki mgongo bila neno ni utovu wa adabu, hilo silitetei. Lakini waliogawana sifa, Suleiman, wako wapi?

Kuhusu unahodha, ulimi unaniwasha, ila kijana huyo simjui, na mwanakamati ni wewe, basi nanyamaza. Kabla ya kikao, muulizeni mwalimu wenu kama mchezaji alikuwa mzima siku ile, na kama hakuwa mzima, nani alimshikilia acheze. Ikiwa ni mmoja wenu, jina lake nalo liingie katika ajenda.

Mama yako