Kabla hujalipia ufa: kwa mnaoanza kusaka sarafu zenye kasoro

Wadogo zetu, kila wiki mmoja wenu huja na shilingi kiganjani, macho yanang'aa, anasema amepata ufa wa muhuri, yaani alama ya mpasuko wa kile chuma kinachogonga chapa kwenye sarafu. Ikiwekwa chini ya lenzi ya mara 10, ni mkwaruzo. Tunawapenda, ndiyo maana tunarudia somo hili hadi sauti zikauke.

1. Ufa huinuka, mkwaruzo hushuka. Muhuri wa chuma ukipasuka, metali ya sarafu husukumwa ndani ya mpasuko ule, kwa hiyo sarafu hutoka na mstari uliosimama juu ya uwanja, yaani sehemu bapa ya sarafu. Kitu kilichoikuna sarafu baadaye huacha mfereji.

2. Picha hudanganya. Hapa ndipo sisi tuliotangulia tumepoteza pesa nyingi, na hatuoni haya kulisema. Muuzaji anatuma picha usiku kwa WhatsApp, taa iko upande wa chini wa picha au pembeni, na mstari unaonekana umeinuka kama mshono. Unamtumia pesa kwa simu. Sarafu ikifika, ni mfereji mtupu, na kurudishiwa pesa ni kesi nyingine. Sababu yake ni kwamba jicho limezoea mwanga utokao juu, kama wa jua. Mwanga ukitoka chini, bonde huonekana mlima. Tulilipia kosa hili mara ya kwanza, tukalilipia tena, kwa kuwa kila mara tuliangalia mstari kwanza. Msianze na mstari. Anzeni na herufi, ambazo mnajua zimeinuka. Kama herufi ina mwanga kushoto na kivuli kulia, ufa wa kweli nao utakuwa na mwanga kushoto na kivuli kulia. Ukiwa kinyume, ni mkwaruzo. Mstari ulioelekeana na taa hauonyeshi kivuli chochote, basi ombeni picha ya pili: taa ibaki pale pale, sarafu izungushwe robo duara. Taa iwe moja, iwekwe pembeni, karibu na usawa wa meza, na ile ya dari izimwe. Flashi ya simu haifai kabisa.

Na kidole hakitawaokoa. Kitu kikali kikikuna metali, huirundika kando ya mfereji, na kidole hukuta tuta. Tafuteni bonde lililo ubavuni mwa tuta hilo.

3. Fuateni njia ya mstari. Ufa mara nyingi huanzia ukingoni, hupita kwa kuyumba kutoka herufi moja hadi nyingine na huonekana vizuri uwanjani. Mkwaruzo huumiza kwanza sehemu za juu: shavu, pembe, kichwa cha herufi. Uthibitisho bora ni sarafu ya pili ya mwaka ule ule yenye mstari ule ule mahali pale pale, maana muhuri mmoja hugonga maelfu. Mkipata kadhaa, zipangeni kwa urefu wa ufa. Mtaona muhuri ukifa hatua kwa hatua.

4. Kipande cha muhuri kikimeguka ukingoni, sarafu hupata donge lisilo na chapa, lililoungana na ukingo. Geuzeni: mahali pale pale upande wa pili, chapa hufifia, kwa kuwa metali ilikimbilia kuziba pengo. Upande wa pili ukiwa mkali, shukuni risasi ya kulehemu au moto.

5. Shilingi moja ya Kenya ya 2005 na ile ya 2018 ni chuma kilichopakwa nikeli, sumaku huivuta. Malengelenge ya mpako hufanana na kipande kilichomeguka, lakini huwa ya mviringo na laini, na hutokea popote. Msiyanunue kwa bei ya donge.

6. Herufi iliyotoweka mara nyingi ni grisi iliyoziba muhuri. Thamani ni ndogo, ila weka.

7. Msioshe. Hata kwa maji ya limau. Hata kidogo.

8. Sarafu iliyokatwa kwa upinde: tazama ukingo ulio mkabala na mkato. Kasoro ya kiwandani mara nyingi huuacha umefifia, kwa sababu kisahani (kipande cha metali kabla ya kugongwa) hakikupata shinikizo la kutosha pale ukingo ulipoinuliwa. Ukingo ukiwa kamili, shukuni mtu mwenye tupa.