IST haina taimingi belti: jibu kwa aliyeandikiwa ubadilishaji wa vitu vinne

Mkuu, umesema uliipeleka Toyota IST yako gereji hapa Mtwara kumwaga oili tu, ukatoka na karatasi: taimingi belti, dawa ya kusafisha injini, shokapu zote nne na betri. Unauliza uanze na kipi.

Kwanza hiyo taimingi belti, ule mkanda wa ndani ya injini, maana ndiyo imewaumbua hao wa gereji. IST haina. Iwe ya 1300 au ya 1500, injini zake za NZ zinatumia cheni, na cheni haiguswi mpaka ianze kulegea na kupiga kelele. Zenye belti ni zile Noah na RAV4 za zamani za injini ya 3S. Hizo zikifika kilomita laki moja kweli ibadilishwe. Gereji wakijitetea kwamba walimaanisha belti ya nje, ile inayozungusha altaneta, sawa, waambie wakuonyeshe ilipopasuka.

Yalinikuta na mimi, msimu wa korosho, wakati ambao hapa kwetu kila mwenye gari anadhaniwa ana hela. Natoka Tandahimba, sijafika Naliendele, gari ikaanza kutetemeka na taa ya chek injini inapepesa. Gereji wakachomeka mashine, wakatikisa vichwa: kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa, laki nne na nusu, na mpaka iagizwe Dar. Nikaomba niione kwa macho yangu namba ya kosa iliyosomwa na mashine. P0301. Nikaiandika kwenye simu, nikawalipa hela ya kupima, nikaaga.

Nikaenda kwa mzee mmoja Magomeni ya hapa hapa Mtwara anayefanya kazi chini ya mwembe. Sikumwambia wenzake walichosema (hili nalishika mpaka leo, ukimwambia fundi wa pili jibu la wa kwanza, atakuitikia tu). Namba ile maana yake silinda ya kwanza haichomi, basi. Haijataja kontroboksi wala kifaa chochote cha kununua. Mzee akang'oa koili (ile inayopeleka umeme kwenye plagi) ya silinda ya kwanza akaiweka ya pili, ya pili akaileta ya kwanza, akafuta kosa, tukazunguka kidogo, akapima tena. P0302, yaani sasa ni silinda ya pili. Ugonjwa umehama na koili. Koili ya mtumba elfu thelathini na tano, kazi nusu saa.

Tangu siku hiyo namlipa fundi hela ya kuangalia, hata asipofungua nati moja. Watu wanacheka, lakini fikiria: kama riziki yake inatoka kwenye kubadilisha tu, na dukani kwenye spea anapata chake, atakosaje cha kubadilisha? Spea nakwenda kununua mwenyewe, na iliyotolewa narudi nayo nyumbani. Gereji wakijua utaidai ile ya zamani, karatasi inapungua yenyewe.

Shokapu zako: inama uziangalie. Iliyokufa mara nyingi inavuja, utaikuta imelowa oili na vumbi limegandia. Kandamiza kona ya gari uachie. Ikinesa mara nyingi, hapo kuna neno. Kama kinachokusumbua ni mlio wa kok-kok kwenye mashimo, anza na stabilaiza linki na bushi, vile viungo na mipira ya chini ya gari. Ni hela ndogo mno ukilinganisha na shokapu nne.

Betri ipime kwa mita. Gari ikiwa imezimwa muda, iliyojaa inasoma kama volti 12.6, ukiwasha, 13.5 hadi 14.5. Ikisoma chini ya hapo injini ikinguruma, tatizo liko kwenye kuchaji, na betri mpya itakufa vilevile. Kabla ya yote safisha vichwa vyake kwa maji ya moto. Sisi wa karibu na bahari ule ukungu unaovigandia tunaujua.

Ila sikubaliani na wenzangu waliotangulia kukujibu hapa kwamba mafundi wote wezi. Fundi aliwahi kuniambia pedi za breki za mbele zimeisha, nikajifanya mjanja. Mwezi uliofuata nilinunua pedi na diski pamoja. Na filta ya hewa, kwa vumbi la njia za vijijini huku, akisema ibadilishwe itoe uione, mara nyingi atakuwa na haki.

Dawa ya kusafisha injini achana nayo. Mwaga oili, weka filta mpya, ukague kijiti cha oili kila wiki. Betri ukishaipima tuletee namba zote mbili, ya kuzima na ya kuwasha.