TLD na vidonge vya damu: niache kipi?

SWALI: Nina mimba ya miezi minne, natumia TLD, kidonge cha kufubaza VVU, kila saa tatu usiku. Kliniki wamenipa vidonge vya kuongeza damu. Mwenzangu ananiambia haviendi pamoja. Niache kipi?

JIBU: Usiache hata kimoja, mama. Mwenzako amegusa jambo la kweli. Ndani ya TLD kuna dawa iitwayo dolutegravir. Madini ya chuma, yaliyomo kwenye vidonge vya damu, na kalsiamu huinasa tumboni, ikafika kidogo kwenye damu. Dawa ikipungua mwilini, virusi huongezeka, na hapo mtoto ndipo anapoambukizwa kwa urahisi.

Tumbo likiwa tupu, tanguliza TLD, kisha kaa muda wa saa mbili ndipo umeze cha damu. Ukianza na cha damu, subiri saa sita. Ukimeza pamoja na mlo, vyote viwili vinakwenda kwa wakati mmoja. Chai ya rangi si mlo, na yenyewe huzuia chuma. Kwako rahisi ni hivi: cha damu mchana, TLD usiku uleule.

Dawa za kiungulia zenye magnesi au alumini hazisaidiwi na chakula. Zitenganishe kwa saa hizohizo. Hudhurio lijalo, ulizia kipimo cha wingi wa virusi.