Sinapsi mbili ndani ya ncha moja

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kitabu chetu kinasema sinapsi, yaani mahali seli za neva zinapopashana ujumbe, ziko za aina mbili, za kemikali na za umeme, na kwamba samaki anazo zote kwenye seli moja. Hivi kwa hadubini zinaonekana tofauti? Na samaki ana haja gani ya zote mbili?
Mwanafunzi wa biolojia

JIBU: Marahaba. Zinatofautiana sana, ila hadubini ya darasani haitakuonyesha. Mwanga wa kawaida hautenganishi vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi. Hapo ni hadubini ya elektroni tu.

Mimi nikifundisha jambo hili huanza na seli ya Mauthner, seli ya neva inayomfanya samaki akurupuke kukimbia hatari. Samaki wengi wenye mifupa wanazo mbili, moja kila upande wa ubongo wa nyuma, nazo ni kubwa ajabu. Nyuzi za neva zitokazo sikioni huishia kwenye tawi lake la pembeni kwa ncha nene zilizotuna. Chukua picha ya ncha moja ya samaki wa dhahabu, uifuate taratibu. Mahali fulani tando mbili, wa ncha na wa Mauthner, zimeachana nanomita 20 au zaidi; ndani ya ncha vimejaa vifuko vya duara vyenye glutameti, kemikali inayobeba ujumbe, kila kimoja na kipenyo cha nanomita 40 hadi 50, na utando wa ng'ambo umekoza weusi kwa wingi wa protini. Hiyo ni ya kemikali. Sogeza jicho kidogo: tando zimekaribiana hadi ukadhani zimegandana, kumbe zimebakiza nanomita 2 hadi 4. Hiyo ni ya umeme. Mwaka 1963 mtafiti J. David Robertson aliutazama utando huo kwa ubapa wake akaona maumbo ya pembe sita yamepangika kama sega la nyuki. Ni mifereji inayounganisha seli hizo mbili. Protini sita ziitwazo koneksini kila upande huunda nusu ya mfereji, nusu mbili zikaungana, na ioni zikapita moja kwa moja.

Umeme hupita karibu bila kuchelewa. Kemikali hungoja: kalsiamu iingie, vifuko vifunguke, glutameti ivuke, na nusu milisekunde au zaidi imekwenda. Samaki aliyesikia kishindo anahitaji ile ya haraka. Mauthner ikifyatua mara moja tu, misuli ya upande wa pili hukaza, mwili ukapinda mfano wa herufi C, naye huyo! Ya kemikali hufuata nyuma na kuurefusha msisimko.

Ila usikubali michoro inayoifanya sinapsi ya umeme kuwa kitu kisichobadilika. Hilo hunikera, kwa sababu samaki wameonyesha kinyume chake. Ncha hizi zikichochewa mfululizo kwa kasi, upande wa umeme nao huimarika, na anayeuimarisha ni jirani yake: glutameti hufungua vipokezi, kalsiamu huingia ndani ya Mauthner, kisha vimeng'enya vinavyoamshwa nayo huongeza upitishaji wa ile mifereji.