Mwanangu, kuhusu mastazi na ile biashara ya maji

Mwanangu, marahaba. Meseji yako ya juzi usiku nimeisoma mara tatu maana umeuliza kitu ambacho siwezi kukujibu na "sawa mama" ya wasap. Unasema ile hela uliyoweka tangu uanze kazi Dar sasa imefika mahali pake, je uilipie ada ukasome mastazi, yaani digrii ya pili, pale chuo cha Nelson Mandela Tengeru, au uje uanze biashara ya kuuza maji huku kwetu maana kila nyumba hapa kijijini kwetu Maji ya Chai, Arusha, siku hizi inanunua maji ya kunywa. Baba yako anasema digrii moja inatosha, anza biashara. Mimi nasema kasome, ila kuna kusoma na kusoma, ngoja nikueleze.

Meno yangu unayajua, ya kahawia kwa sababu ya floraidi ya maji ya huku. Ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini kwenye picha ya harusi nimefunga mdomo nikakwambia picha za zamani ndo zilikuwa hivyo, haikuwa kweli mwanangu, nilikuwa nayaficha. Chuo cha ualimu nilikuwa nikicheka tu watu wanasema huyu wa Arusha, kabla hata sijataja kwetu. Kemia umesoma wewe lakini haya mi nimeyaishi, floraidi ni madini yanayoyeyuka kwenye maji, inatoka kwenye miamba ya volkano ya mlima wetu Meru, haina rangi wala harufu, ukichemsha haitoki, tena maji yakipungua sufuriani yale yanayobaki ndo yanakuwa nayo zaidi. Na inamkuta mtoto meno yakiwa bado yanatengenezwa kwenye fizi, ndo maana mtu aliyehamia huku ukubwani meno yake yako salama, wa kuzaliwa hapa ndo anaumia, na wengine inaingia mpaka kwenye mifupa, wale watoto wenye miguu iliyopinda unaowaona njiani.

Sasa unaikumbuka ile ndoo ya bluu yenye koki iliyokuwa jikoni kwa bibi yako? Ile ililetwa na watu wa mradi mmoja miaka ya tisini, ndani wameweka chenga za mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, maji yanapita humo floraidi inabaki kwenye mifupa. Na ilifanya kazi! Walikuwa wanakuja kupima mbele yetu, tunaona namba inashuka. Lakini chenga zinachoka, baada ya miezi zinatakiwa kubadilishwa, na mradi ukaisha gari likaacha kuja. Bibi yako aliulizia Usa River, akaulizia Tengeru, hakuna duka hata moja linalouza zile chenga. Tukarudi kwenye maji yale yale. Mtoto wa mama yako mdogo alikuwa na mwaka mmoja wakati huo, na meno yake leo unayaona.

Hiyo ndoo nimeifikiria miaka mingi. Utafiti ulikuwa sahihi kabisa, kilichokosekana ni mtu ambaye riziki yake inategemea kuleta chenga mpya kila zinapochoka. Mtu wa biashara. Na ukigeuza upande wa pili ndo unakuta hawa wanaouza maji ya madumu sasa hivi, biashara wanayo ila hakuna aliyepima, mtu anakwambia maji masafi kwa sababu yanang'aa, na floraidi haionekani kwa macho. Ukija kesho na mtaji wako ukanunua tanki utakuwa mmoja wao, na mimi sitaki mwanangu amuuzie jirani yetu maji ambayo hawezi kumwambia yana miligramu ngapi za floraidi. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Je wewe utajuaje?

Pale Tengeru kuna mfano wa Dokta Askwar Hilonga, mtoto wa kijiji cha Gongali kule Karatu, alienda Korea Kusini akasoma PhD, akarudi kufundisha hapo Nelson Mandela, akatengeneza chujio linalotumia mchanga pamoja na nanoteknolojia, yaani vitu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambalo unaweza kulirekebisha kulingana na kilichomo kwenye maji ya sehemu husika. Mwaka 2015 alipata ile tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Lakini mi kilichonigusa zaidi ya tuzo ni kwamba alifungua kampuni, Gongali Model, chujio likatoka maabara likaenda kwa watu. Hicho chuo hakina digrii ya kwanza, ni mastazi na PhD tu, kimeanza kupokea wanafunzi 2011, kwa hiyo ukiingia hapo umeingia kufanya utafiti.

Basi nenda na swali la ile ndoo. Usisubiri upewe topiki. Andiko la utafiti liandike mwenyewe kabla hujaomba nafasi, na humo humo upige hesabu lita moja ya maji itamgharimu mama wa hapa shilingi ngapi, maana tasnifu isiyo na bei itaishia kabatini. Msimamizi usimchague kwa jina kubwa, waulize waliomaliza anakaa na sura moja ya tasnifu muda gani kabla hajakurudishia, nimeona watu wanazeeka kwenye mastazi ya miaka miwili. Na ukipata kitu kipya kimya kwanza, nenda BRELA, wale wa kusajili biashara, ukaulizie hataza, ile haki ya mvumbuzi, kabla hujakieleza kwenye kongamano lolote, ukishakitangaza hadharani kinaacha kuhesabika kipya. Mambo ya TBS wa viwango na SIDO wa viwanda vidogo yatakuja baadaye, hayo nitakusaidia kufuatilia mwenyewe, miguu ninayo.

Hela, usiingie ukitegemea bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, kama ulivyozoea Chuo Kikuu Mlimani. Usiimalizie yote kwenye ada, igawe, nusu iwe ya vipimo na majaribio. Kulala utalala hapa nyumbani, Tengeru ni daladala moja tu. Baba yako niachie mimi. Kazi usiache mpaka barua ya udahili iwe mkononi.

Ukija Pasaka lete chupa sita za plastiki, safi, zenye vifuniko vya kubana. Zisiwe za kioo, kuna kijana wa chuo alikuja kuchukua maji kisimani nikamuuliza akaniambia floraidi na kioo havipatani. Tutachota maji ya kwenda kupima floraidi, mtoni, kisimani kwa mama mchungaji, bombani, na kwa yule muuza madumu wa njia panda, nimeshaongea naye amekubali. Ndoo ya bibi yako iko stoo, chenga bado zimo, nimeifunika na gunia.