Usimfungie Debora nyumbani: mimi nilimfanyia Esta hivyo

Dada, usiupeleke huo mswada kwa mchapaji. Umesema hadithi yako ya Debora kwa watoto wa miaka 8 hadi 11 iko tayari, na umembakiza huyo nabii na mwamuzi wa Israeli nyumbani akiomba wakati Baraka, kiongozi wa jeshi, anaenda vitani, ili wasichana wajifunze unyenyekevu. Mimi nilimfanyia Esta, yule malkia Myahudi, jambo hilohilo. Nilichapa nakala 300 kwa akiba yangu, na leo siwezi kumpa mtoto hata moja.

Kuna mhariri nilimlipa. Akaniambia watoto hawataki habari za amri za kifalme na mauaji, wanataka msichana mzuri na taji. Bado nina hasira naye. Watoto wa Kiyahudi kila sikukuu ya Purimu wanasikia gombo zima la Esta likisomwa, pamoja na ile amri ya kuwaangamiza watu wao katika majimbo 127, na likitajwa jina la Hamani, adui aliyeitaka amri hiyo, wanapiga kelele na kuzungusha vyombo vyao vya kelele mpaka jina lizame. Wanaelewa vizuri sana! Mimi amri ile niliipa sentensi moja. Miezi 12 ya manemane na manukato nikaipa kurasa sita, nikaandika kwamba Esta "alishinda". Alishinda nini? Maandiko yanasema wasichana walikusanywa Shushani, mji wa mfalme, naye akachukuliwa. Yatima, analelewa na binamu yake Mordekai, anachukuliwa.

Hata hilo ningeweza kulirekebisha. Lililoharibu kitabu ni nilivyoisimulia sura ya nne ya Esta. Kwenye kitabu changu Mordekai anaagiza, Esta analia, mfalme anamwona mrembo na kumhurumia. Sasa fungua Biblia yako. Esta anajua kwamba anayeingia kwa mfalme bila kuitwa sheria yake ni kifo, asiponyoshewa fimbo ya dhahabu, na yeye hajaitwa kwa siku 30. Anaogopa, anamwambia Mordekai hivyo. Kisha anaamua. Ni yeye anayeagiza Wayahudi wote wa Shushani wafunge siku tatu, usiku na mchana, na ni yeye anayesema nikiangamia, na niangamie. Sura inaisha Mordekai akienda kufanya yote aliyoagizwa na Esta. Katika sura ya pili yeye ndiye aliyekuwa anamtii Mordekai! Hadithi nzima inageuka pale, na mimi nilipaondoa.

Nilijua nilichofanya siku niliyowasomea watoto wa shule ya Jumapili. Binti wa miaka kama kumi akauliza, "Sasa Esta alifanya nini?" Nilitafuta jibu kwenye kitabu nilichokiandika mwenyewe, sikulipata.

Tangu hapo nina kanuni moja. Kabla ya kuandika, chukua Biblia na penseli, pigia mstari kila kitenzi ambacho mtendaji wake ni yule mwanamke. Hivyo vyote viingie. Ukitaka kufupisha, fupisha kwingine.

Mpigie Debora mistari uone. Anaketi chini ya mtende kati ya Rama na Betheli, watu wanamwendea awaamulie. Anatuma Baraka aitwe. Baraka anasema bila wewe siendi. Debora anajibu hakika nitakwenda nawe, na anamwambia waziwazi kwamba heshima haitakuwa yake. Anaondoka naye. Mlimani Tabori, wanaume 10,000 wakisubiri na Sisera, jemadari wa adui, ana magari 900 ya chuma, ni Debora anayesema ondoka, siku ndiyo hii. Sasa huyu unambakizaje nyumbani?

Uliuliza pia kuhusu Yaeli, yule mwanamke aliyemuua Sisera kwa kigingi cha hema. Kwa umri huo sema alimuua Sisera hemani alipokuwa amelala, usiieleze damu, lakini usimwondoe, maana heshima aliyoitabiri Debora ilimwendea yeye.

Andika upya kuanzia pale Baraka anapokataa kwenda peke yake, kisha weka sura hiyo hapa tuisome kabla hujalipa mtu yeyote.