Kugawana bustani ya mboga na ndugu

Ndugu yangu, umeuliza namna ya kulima bustani moja ya nyumbani pamoja na kaka na dada zako, kwa kuwa msimu uliopita mmoja alimwagilia peke yake huku wengine wakivuna. Ninakushauri mgawane matuta kabla ya kugawana kazi, kwa sababu kazi isiyo na mwenyewe kila mtu hudhani mwenzake ameshaifanya. Tuta la kila mmoja lisizidi upana wa mita 1.2, ili aweze kufika katikati kutoka pande zote mbili bila kukanyaga udongo na kuushindilia. Maji, mboji na majembe vibaki vya wote.

Uvunaji ndio unaohitaji makubaliano ya wazi zaidi. Spinachi huchumwa majani ya nje na kuachiwa moyo wake ili iendelee kuchipua, ilhali mtu mwenye haraka aking'oa shina zima huwanyima wenzake mboga za majuma kadhaa, na hapo ndipo manung'uniko huanza. Jambo hilo mfundishane mkiwa bustanini kwa vitendo. Watoto, ambao mimi nisingewaacha nje ya kazi hii kamwe, wapeni figili inayokomaa kwa takriban siku 30, kwani karoti huchukua zaidi ya miezi 2 na subira yao huisha mapema. Anayesafiri naye amkabidhi zamu yake ya kumwagilia mtu mmoja anayejulikana, badala ya kuiachia familia nzima.